Namna ya Kumchekesha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimegundua kwamba mimi ni mchekeshaji.

Ilikuwa hivi. Mchana alikuja dukani mama mmoja anatafuta godoro. Nikamwambia kama ninavyowaambia wateja wote: godoro hili, mama, ni laini hata usingizi wenyewe huja kupumzika hapa. Akacheka! Si kutabasamu, kucheka hasa. Nikageuka nimwoneshe mito, akacheka zaidi, mpaka akashika ubao wa kitanda asianguke. Akanunua na mito yenyewe.

Baadaye Bosi akaniambia kwamba nilikuwa na kibandiko cha PUNGUZO KUBWA kwenye makalio ya suruali. Wivu. Bosi ni mama mchapakazi, anajua samani kuliko mafundi wanaozitengeneza, lakini sanaa imempita pembeni.

Jioni nikapanda ngazi za ukumbi ulio juu ya duka la dawa. Kuna tangazo pale mlangoni. Jumamosi ya wiki ijayo ni jioni ya vichekesho, na wanaojaribu kwa mara ya kwanza wanakaribishwa, kila mtu dakika tano. Mshereheshaji akanipa karatasi niandike jina. Nikakuta Kinyozi ameshajiandikisha! Kinyozi wa jirani na duka letu, mlango kwa mlango! Mtu ambaye hucheka mizaha yake mwenyewe kabla hajaimaliza!

Nikaandika jina langu juu ya lake, kwa herufi za kubanana.

Sasa swali. Kwa nini hasa mtu hucheka? Watu wanacheka kila siku na hakuna anayeuliza. Mimi nitauliza.


Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anasahihisha madaftari ya hesabu. Akauliza kama kuna mtu ananilazimisha. Nikasema hapana, ni wito. Akasahihisha madaftari mawili, kisha akasema atakuja kukaa mstari wa mbele kwa sharti moja: nimchekeshe mama yake kwanza.

Sharti gani hilo! Mama mkwe wangu amehamia kwetu tangu mumewe, marehemu mzee, alipotutoka mwaka jana. Chumba chake kiko karibu na jiko; kitanda alikuja nacho kutoka kwao. Alikuwa mkunga maisha yake yote, amezalisha nusu ya mtaa huu, na hukutazama kama anayekukumbuka ukiwa uchi. Tangu msiba hajacheka. Mke wangu anasema huamka usiku kusikiliza kama mama analia, na hasikii chochote, na hicho ndicho kinachomtia hofu.

Marehemu mzee alikuwa mtu tofauti. Mimi nikifungua mdomo tu, yeye keshaanza kucheka. Sikuwa hata nimefika kwenye mzaha. Mzee alikuwa na masikio ya kisanii.

Wakati wa chakula nikajaribu. Nikawahadithia habari ya mwizi aliyeiba godoro akakamatwa amelala juu yake barabarani, alipoulizwa akasema alitaka kuhakikisha ni zima. Mama mkwe akatafuna. Akameza. Akauliza kama godoro lilirudishwa kwa mwenyewe. Nikasema sijui. Akasema basi hadithi haijaisha, nikiijua iliyobaki nimwambie.


Jumatano, 6 Machi

Nimeanza utafiti. Kwa Kinyozi.

Nimeingia kama mteja wa kawaida, nikakaa kitini, macho kwenye kioo, masikio wazi. Aibu iliyoje! Watu wanacheka mle ndani kama wamelipwa. Mzee mmoja alicheka mpaka povu la kunyolea likamwingia mdomoni. Na Kinyozi anasema nini? Hakuna! Anauliza habari za nyumbani, anasubiri, anaitikia ‘kumbe!’ Basi.

Nikatafakari. Ghafla nikaelewa. Wembe! Mtu aliyeshikiwa wembe karibu na sikio atacheka hata ukimsomea bei za saruji. Chanzo cha kicheko ni hofu.

Nikaenda kuhakikisha papo hapo. Nikajificha ndani ya kabati la milango mitatu, lile la kioo katikati. Bosi alipokuja na wateja kuwaonesha jinsi milango inavyofunguka bila kelele, nikaruka nje nikiunguruma.

Hawakucheka. Mke wa mteja alikaa chini sakafuni. Bosi alinipiga begani kwa futi ya kupimia, akaniambia nirudi nyumbani kabla hajasema neno atakalolijutia.

Kwa hiyo si hofu. Au si hofu peke yake. Utafiti una hatua zake.


Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi kwa Kinyozi. Akauliza kuna nini, nywele amezikata jana tu. Nikamwambia zimeota. Akazitazama kwa muda mrefu, kisha akazikata tena. Kabaki na kazi ndogo sana.

Lakini habari kubwa ya leo haikutoka huko!

Nilirudi nyumbani mapema, kwa sababu Bosi bado hataki kuniona karibu na kabati. Nyumba kimya. Mke wangu shuleni. Nikavua viatu mlangoni. Mara nikasikia kicheko. Kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, kinapanda, kinakatika, kinaanza upya. Kinatoka chumbani kwa mama mkwe!

Nilisimama pale sebuleni na kiatu mkononi. Mwanamke ambaye hajacheka tangu mwaka jana, anacheka peke yake, mchana, mlango umefungwa!

Nikabisha hodi. Kicheko kikakatika kama umeme. Akafungua. Uso mkavu, hauna hata mkunjo wa furaha. Akaniuliza nina shida gani. Nikasema natafuta chumvi. Akauliza tangu lini chumvi ya nyumba hii inakaa chumbani kwake. Nikasema ndiyo maana nilikuwa siioni.

Kuna nini mle ndani? Lazima nijue. Chochote kinachomchekesha yule mama kitachekesha ukumbi mzima, pamoja na viti.


Ijumaa, 8 Machi

Mbinu ya kwanza: taa. Nilimwambia mama mkwe kwamba taa ya chumbani kwake inakaribia kuungua na ni vyema niibadilishe. Akasema taa ni nzima. Nikasema hizo ndizo huungua, zile nzima. Akanipisha.

Nikapanda kwenye kiti, nikaitoa taa iliyokuwa inawaka, nikaweka nyingine. Njiani juu na njiani chini nilichunguza kila kitu. Kitanda. Kiti kimoja. Sanduku. Picha ya marehemu mzee ukutani, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Simu ndogo ya kubonyeza dirishani, inachajiwa. Hakuna redio. Hakuna kitabu. Hakuna chochote cha kumchekesha binadamu.

Mama mkwe alisimama mlangoni muda wote, mikono nyuma, ananitazama. Nikaikonyeza picha ya mzee kwa bahati mbaya.

Ila niliona jambo moja, kwa jicho la kazi yangu. Godoro lake! Limechoka kabisa. Limebonyea shimo upande wa kushoto, upande wa ukutani, na shuka ya upande huo haina hata mkunjo. Analala ukingoni, kulia, kama abiria aliyewekewa mzigo. Nikamuuliza kwa nini asilale katikati. Akasema pale pana mwenyewe.

Nikashuka na taa yangu.

Lakini nikapata wazo! Mtu anayeleta godoro jipya ana haki ya kuingia chumbani. Anaruhusiwa hata kulichunguza mara kwa mara. Ni huduma baada ya mauzo.


Jumatatu, 11 Machi

Siku mbili za kupanga, siku moja ya kutenda.

Dukani tuna godoro moja la maonyesho, la springi, limewekwa juu ya kitanda cha mninga karibu na dirisha ili wapita njia walitamani. Haliuzwi. Bosi hulipenda kuliko ndugu zake. Kila mteja mkubwa akija, Bosi hujitupa juu yake kwa kishindo kuonesha uimara, kisha hunyanyuka akitengeneza kilemba.

Nimeliazima. Kuazima si kuiba. Bosi alipokwenda benki nililivua ganda lake la kitambaa, nikajaza ndani maboksi matupu ya stuli, nikatandika shuka, nikapanga mito. Ukitazama kwa mbali huwezi kutofautisha. Ukitazama kwa karibu pia ni vigumu, kama huna haraka.

Nani wa kunisaidia kubeba? Sikuwa na mwingine. Kinyozi alishika upande wa mbele. Njiani akauliza kama Bosi anajua. Nikamwambia Bosi anajua mambo mengi. Akasema kumbe! Hakuuliza tena. Kuna nyakati namwona kama mtu mwema, ndipo nakumbuka ni mpinzani.

Mama mkwe hakutaka lile la zamani liondoke. Mke wangu aliporudi alinishika mkono akanivuta nje, akaniambia nisimlazimishe. Basi tukaliweka la zamani chini ya jipya, yote mawili, kitanda kikawa kirefu kama jukwaa. Mama mkwe akapanda. Akalala. Katikati! Tukasubiri mlangoni kama tunaosubiri matokeo ya mtihani.

Mwishowe akasema, hili ni godoro.

Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi. Nusura nisahau utafiti.


Jumatano, 13 Machi

Naandikia jikoni kwa sababu chumbani sikaribishwi.

Niliomba ruhusa ya mchana, nikarudi nyumbani kimyakimya. Mama mkwe alikuwa uani anaanika nguo. Nikaona nafasi ndiyo hii: niingie, nikague chaga za kitanda kama zinastahimili magodoro mawili, na nikiwa pale nitafute chanzo cha kicheko chini ya kitanda, mahali pekee ambapo sijapaona. Nikalala kifudifudi, nikaingia. Chini ya kitanda palikuwa na kandambili na vumbi. Basi.

Mara mlango ukafunguka.

Hapo mtu mwenye akili angesema, samahani Mama, nakagua chaga. Mimi nilinyamaza kama maji ya mtungini. Nikamsikia anavua viatu. Nikamsikia anapanda. Chaga zikashuka mpaka zikanigusa kisogo. Mkwe mzima, mwenye kazi yake na kitambi chake, chini ya kitanda cha mama mkwe! Nikaomba dunia ipasuke.

Kisha nikasikia vidole vinabonyeza simu. Anampigia mdogo wake, yule tunayemwita mama mdogo, anayeishi mbali. Na hapo ndipo kicheko kilipoanza!

Alikuwa anamhadithia habari za taa. Jinsi mtu fulani alivyopanda kwenye kiti kubadilisha taa inayowaka, akaikonyeza picha ya marehemu, akashuka na ile nzima mkononi akiipuliza kama uji. Alimwiga sauti. ‘Hizo ndizo huungua, Mama, zile nzima.’ Mama mdogo upande wa pili alikuwa anapiga kelele za kuomba aachiwe apumue. Akaja kwenye kabati la milango mitatu. Sijui nani alimwambia. Nadhani Kinyozi.

Halafu sauti ikashuka. Akasema, unajua mdogo wangu, marehemu alikuwa akirudi jioni, kabla hajavua kofia ananiambia, kaa nikueleze mkweo kafanya nini leo. Akasema, tulikuwa tunacheka hapa hapa kitandani mpaka majirani wanagonga ukuta. Sasa hana wa kunieleza. Naangalia mwenyewe, nakueleza wewe.

Pua ilianza kunitiririka. Vumbi, bila shaka.

Vumbi hilo hilo likanifanya nivute pumzi kwa nguvu. Mama mkwe akanyamaza. Kisha nikamsikia akisema kwa utulivu wa mkunga, subiri kidogo mdogo wangu, chini ya kitanda kuna mtu anapumua. Akasikiliza. Akasema, ni yeye. Nitakupigia.

Nilijaribu kutoka nikakwama mabegani. Mke wangu aliporudi kutoka shuleni alikuta miguu yangu imetokeza nje na mama yake ameketi kitini anakunywa chai. Walinivuta wote wawili, mguu mmoja mmoja. Nikaeleza habari za chaga.

Mke wangu amesema Jumamosi haji. Amesema mtu anayemvizia mjane chumbani kwake hana haki ya kuketiwa mstari wa mbele. Nikamwambia nilikuwa namtafutia mama yake furaha. Akasema furaha haitafutwi kwa tumbo.

Lakini nimeipata siri! Habari yenyewe ilikuwa ya kawaida mno, imetokea kweli, haina hata mzaha mmoja ndani yake. Kwa hiyo si maneno. Kilichobaki ni nini? Simu! Mtu akiongea na simu, watu hucheka. Ni jambo dogo na hakuna aliyewahi kuliona!


Alhamisi, 14 Machi

Nimefanya mazoezi dukani mbele ya kioo cha kabati. Nashika simu, nasema haloo, nasubiri, nasema ati nini, nasubiri. Nimeweka sauti ya nje ili nizoee kuishika mbali na sikio, ukumbi uone uso wangu. Nzuri sana. Mteja mmoja alinitazama akaondoka taratibu kinyumenyume.

Bosi ametangaza kwamba Jumamosi jioni anakuja mteja mkubwa, mwenye nyumba ya wageni, kuchagua vitanda. Alitaka nibaki. Nikamwambia nina kikao cha ukoo. Akasema sawa, atamhudumia mwenyewe.

Nilihisi kuna jambo nalisahau. Halikunijia. Basi si kubwa.


Ijumaa, 15 Machi

Kunyolewa kwa mwisho. Kinyozi alipitisha mkono kichwani mwangu akasema hakuna kilichobaki isipokuwa ngozi. Nikamwambia ang'arishe.

Uso ulikuwa umemsawijika. Akaniambia hajalala siku mbili kwa woga. Kitini anawaongelea watu visogo, hajawahi kuongea na nyuso nyingi kwa pamoja. Akaniomba ushauri! Mimi! Mpinzani wake!

Dhamiri iliniuma kiasi, kisha ikaacha. Nikamshauri asiwatazame watu kabisa. Awape mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia wakubwa wote hufanya hivyo. Akanishukuru akitaka kunikumbatia na wembe mkononi.

Pole yake. Jukwaani hakuna udugu.

Nyumbani mke wangu anaongea nami kwa mambo ya lazima tu. Mama mkwe alinipitishia chumvi bila kuombwa.


Jumamosi, 16 Machi

Niandike kila kitu kabla hakijapoa.

Ukumbi ulijaa. Feni moja, viti vya plastiki, kipaza sauti chenye utepe shingoni. Nilichungulia kutoka pembeni, nikahesabu nyuso ninazozijua: hakuna. Kiti cha mstari wa mbele nilichomwekea mke wangu kilikuwa kitupu, nilikiwekea leso yangu. Sikujua kiti kitupu kinaweza kumtazama mtu.

Kinyozi akaitwa kwanza, ingawa jina langu ndilo lililokuwa juu! Akapanda na kiti na taulo, akatugeuzia mgongo kama nilivyomshauri, akaanza kumnyoa mtu asiyekuwepo huku akiongea naye. Watu wakacheka tangu neno la kwanza! Wakaona mgongo tu, na mabega, na mkono wa wembe, na ilikuwa kama wote tumekaa kwenye benchi la kusubiri zamu. Alisimulia habari za mteja anayekuja kila siku kukatwa nywele ambazo hana, na kila siku anadai zimeota. Nilicheka mpaka machozi. Mjinga kweli yule! Kinyozi ana wateja wa ajabu, sijawahi kukutana naye pale.

Alishangiliwa kwa kusimama. Akaja pembeni akanikumbatia, ameloa jasho, akisema ushauri wangu umemwokoa. Nikamwambia hakuna shida.

Mshereheshaji akaniita. Na nilipokuwa napanda, mlango wa nyuma ukafunguka. Mke wangu! Na mbele yake mama mkwe, na mkoba wake, anapita kati ya magoti ya watu akisema samahani, samahani, mpaka mstari wa mbele. Baadaye nilielezwa ni yeye aliyemlazimisha mwanawe. Alisema hataki kuhadithiwa, anataka kuona mwenyewe.

Nikatoa simu. Nikasema, ‘Haloo?’

Kimya.

‘Haloo? Haloo?’

Feni ilisikika. Mtu akakohoa. Nikasubiri kama nilivyojizoeza. Nikasema, ‘Ati nini?’ Bwana mmoja wa nyuma akasema mtandao unasumbua leo. Walimcheka yeye! Si mimi, yeye! Jasho likaanza kuteremka kutoka kwenye upara, hakuna nywele za kulizuia, moja kwa moja machoni. Nilimwona mke wangu ameinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze nikawaza kwamba huenda mimi si mchekeshaji. Nilitamani marehemu mzee awepo, acheke kabla sijafika.

Ndipo simu ikalia kweli. Mkononi. Mbele ya kipaza sauti.

Nilibonyeza ili niizime. Nikabonyeza pabaya. Sauti ya nje ilikuwa wazi tangu Alhamisi, na ukumbi mzima ukamsikia Bosi.

‘Uko wapi wewe? Godoro langu liko wapi?’

Nikasema, ‘Bosi, niko kwenye kikao.’

‘Niko ndani ya kitanda!’ Bosi akapiga kelele. ‘Nimejitupa mbele ya mteja kama kawaida yangu, nimezama! Maboksi! Nimekwama, miguu juu, kilemba sikioni! Mteja ananivuta hapa!’

Sauti ya mwanaume ikasikika kwa mbali ikisema shika hapa mama, moja, mbili.

Ukumbi ukapasuka. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nikawanyoshea mkono watulie. Nikawaambia hii si sehemu ya vichekesho, huyu ni bosi wangu kweli, nitafukuzwa kazi! Wakazidi! Mtu alianguka na kiti chake.

Bosi akauliza, ‘Mbona kikao cha ukoo kina watu wengi hivyo?’

‘Ukoo ni mkubwa, Bosi.’

Na hapo mama mkwe akasimama. Akapanda ngazi za jukwaa akishika goti. Akaninyang'anya simu, akasogea kwenye kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho.

‘Haloo, mwanangu. Mimi ni mama mkwe wake. Usivute kwa nguvu, lala upande, kunja magoti, toka kwa bega. Ndiyo. Pumua. Usisukume mpaka nikuambie.’

Mke wangu alikuwa ameficha uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

‘Godoro ninalo mimi,’ mama mkwe akaendelea. ‘Nalilalia. Zuri sana. Na yeye mwenyewe, Jumatano, nilimkuta chini yake.’

Alisimulia yote. Taa. Chumvi. Chaga. Miguu iliyotokeza nje. Bosi bado yuko hewani, anauliza, ‘Enhe? Ikawaje?’, anacheka naye sasa, kutoka kitandani. Na mama mkwe mwenyewe, alipofika pale anapomwambia mdogo wake kuna mtu anapumua, hakuweza kumaliza. Alijaribu mara mbili. Kicheko kikamshika, kile kile cha tumboni, mbele za watu, amenishika bega langu asianguke.

Nikagundua ana mwanya. Miaka yote hii, sikujua mama mkwe wangu ana mwanya.


Jumatatu, 18 Machi

Mambo yamekaa sawa, kama nilivyokusudia.

Bosi hakunifukuza. Mteja wa nyumba ya wageni amevutiwa kwamba kitanda kilimeza mtu mzima na hakuna ubao uliovunjika, ameagiza vya nyumba nzima. Mimi nimehamishwa kutoka dukani kwenda ghala la nyuma, ambako hakuna wateja wala kabati za kujificha. Ni kupandishwa cheo, ingawa Bosi hakutumia neno hilo. Godoro litabaki kwa mama mkwe na litakatwa kwenye mshahara wangu kidogo kidogo.

Jana tulipokuwa tunatoka kanisani mke wangu alinishika mkono njia nzima. Akasema usiku aliamka kusikiliza kama kawaida yake, akasikia mama yake anakoroma. Akaniambia asante. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba siri ilikuwa simu. Akanitazama, akacheka mpaka akasimama njiani. Sijui nini kilimchekesha. Sikuwa nimeshika simu.

Mshereheshaji amekuja leo mwenyewe mpaka nyumbani. Anawataka Kinyozi na mama mkwe kwa jioni ya mwezi ujao. Wawili hao tu. Nikamuuliza kama hajasahau mtu. Akafikiri, akasema hapana. Ni wazi amechoka, kazi ile ni nzito.

Mama mkwe amekubali. Nimemwona jioni ameketi kizingitini, anasogeza midomo, anajicheka peke yake. Hana mzaha hata mmoja, maskini. Anataka kupanda na habari za kweli tu, vile vile zilivyotokea.

Mama wa watu ana moyo, lakini kuchekesha hajui. Kesho naanza kumfundisha.